Usinijibu, Andika

Nilikuwa mtu wa kukabidhi kazi ikiwa imenyooka, la sivyo sikabidhi. Rasimu yangu haikuonwa na jicho la mtu mpaka niwe nimeipitia nikaichoka, na hata hapo niliituma usiku, ofisi ikiwa tupu, nisije nikaona uso wa anayeisoma. Wenzangu waliita hiyo bidii. Niliipokea sifa hiyo kimyakimya, ingawa sehemu yake kubwa ilikuwa woga.

Ndipo nikapewa kuandika mwongozo wa wafanyakazi wapya. Niliushikilia mpaka siku ya mwisho kabisa, kisha mkuu wa kitengo, mama asiyependa maneno mengi, akaniita. Mwongozo ulikuwa mezani, umejaa alama za penseli. Badala ya kusoma alichoandika, macho yangu yalitafuta kurasa zilizobaki safi.

"Sehemu ya tatu itamshinda mgeni," alisema. "Umemweleza fomu ilikotoka kabla hujamwonyesha pa kuijazia."

Nikamjibu kwamba maelezo yale yaliagizwa. Akaja na hoja ya pili, nikaijibu. Ya tatu niliijibu hata hajaimaliza. Akaweka penseli chini.

"Mwanangu, usinijibu. Andika."

Nikafungua daftari. Yeye akawa anasema taratibu, mimi naandika kama mwanafunzi wa imla, uso ukiniwaka moto. Lakini mkono unaoandika humnyima mtu nafasi ya kujitetea, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona tofauti kati ya nilichokuwa nikikisikia na kilichokuwa kikisemwa. Masikioni mwangu ilikuwa "hujui kazi". Kwenye daftari ilikuwa "aya ya pili itangulie", "jedwali hili ligawanywe", "neno hili mgeni hatalijua". Hapakuwa na sentensi hata moja iliyonitaja mimi. Aliyenitaja nilikuwa mimi mwenyewe.

Miaka baadaye nilikutana na uchambuzi wa watafiti wawili, Avraham Kluger na Angelo DeNisi, wa mwaka 1996. Walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu kumrudishia mtu maoni juu ya kazi yake. Kwa wastani maoni yalisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo yalishusha utendaji. Kwa maelezo yao, nguvu ya maoni hupungua kadiri fikra za mtu zinavyoiacha kazi na kurudi kwenye nafsi yake. Hata sifa zaweza kufanya hivyo, jambo ambalo wakubwa wengi wa kazi hawapendi kulisikia. Mimi nilielewa mara moja. "Wewe ni hodari" ilikuwa imenikosesha usingizi mara nyingi kuliko lawama yoyote.

Siku ile sikuwa na nadharia. Niliomba nimjibu kesho yake, akakubali. Usiku nilizigawa hoja zake mafungu matatu: nilizokubali, nisizozielewa, nilizozipinga. Fungu la kwanza lilikuwa kubwa kiasi cha kuniudhi. La pili lilikwisha kwa maswali mafupi asubuhi. Ya kupinga ilibaki hoja moja tu, aya ya utangulizi, ambayo yeye aliiona ndefu.

Kabla hatujafika huko alinipa sharti: kazi inayofuata nimletee ikiwa nusu. Hilo lilinitisha kuliko penseli. Nilimpelekea kurasa zenye mapengo, "hapa bado" imeandikwa kila mahali, akagundua mapema kwamba nilikuwa nikiwaandikia wasimamizi ilhali wasomaji walikuwa mafundi. Ningeimaliza kwanza, ningeitetea mpaka tukosane.

Ile aya ya utangulizi niliitetea kwa sababu zake, bila jazba, naye akaniachia. Mpaka leo husema ni ndefu. Mimi nasema inatosha.