Harusi ya Mkatoliki na Myahudi Mtwara: yanayokwamisha si mapambo

Kamati nyingi huanza na rangi za sare na ukumbi. Kwa harusi hii anzeni na kalenda. Jumamosi, siku yetu ya harusi, haifai: Sabato inaanza Ijumaa jua likizama na haiishi mpaka nyota zitokeze Jumamosi, ambayo huku pwani ni karibu saa 1 au saa 1 na nusu usiku kutegemea mwezi. Mkianza hapo, chakula kitaliwa saa 5. Pangeni Jumapili alasiri, misa zikishaisha parokiani. Kwaresima iacheni, na rabi, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, aulizwe kuhusu wiki zinazofuata Pasaka ya Kiyahudi na wiki tatu za kabla ya Tisha B'Av, siku ya maombolezo ya Kiyahudi, Julai au Agosti.

Kwa kuwa mmoja hajabatizwa, paroko huomba dispensa (ruhusa maalumu) ya tofauti ya dini kwa askofu, awe wa Mtwara au wa Lindi. Mkatoliki anaahidi kulinda imani yake na kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake hasaini ahadi hiyo, ila lazima aarifiwe. Hapo ndipo harusi huvunjikia, kwa hiyo wajomba waisikie kabla kadi hazijachapwa. Wamakonde na Wayao, waliozoea kufuata upande wa mama, watalielewa haraka jambo moja: kwa Wayahudi wengi, mtoto ni Myahudi kwa mama yake. Kama Myahudi ni bibi harusi, mazungumzo yatakuwa mazito zaidi.

Katika madhehebu ya Kiyahudi, marabi wa Kiorthodoksi na wa Konsevativu hawafungishi ndoa za namna hii. Wa Reform wapo wanaokubali, kila mmoja kwa masharti yake. Kanuni ya 1127 ya Kanisa inakataza ridhaa kuombwa mara mbili, au padri na rabi kuiomba kwa pamoja kila mmoja kwa taratibu zake. Gaweni kazi hivi: padri anauliza ridhaa, rabi anatoa baraka. Padri mwenye leseni ya kufungisha ndoa ndiye pia anayeandikisha, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla.

Ibada inafaa iwe Liturujia ya Neno bila misa. Somo la Tobiti, linalopendwa sana kwenye ndoa, halimo katika Biblia ya Kiyahudi. Chukueni Mwanzo 2 na Zaburi ya 128.

Hupa, kile kijibanda cha nguzo nne na kitambaa juu ambamo maharusi wa Kiyahudi husimama, kitoshe watu sita: mita 2 kwa 2, kimo mita 2.2, pande zote wazi. Pale ufukweni Shangani, Mtwara, upepo wa kusi hauna huruma. Msichomeke nguzo mchangani tu; kila moja isimame kwenye ndoo ya lita 20 iliyojazwa zege siku tatu kabla, na kitambaa kiachwe kilegee kidogo, kikikazwa sana kinavuta nguzo. Kanga mbili zilizoungwa zinapendeza, mradi jina lake lisiwe la kumsuta mtu.

Bilauri ambayo kwa desturi ya Kiyahudi huvunjwa na bwana harusi iwe nyembamba, ifungwe kwenye kitambaa kizito na iwekwe juu ya ubao. Bila ubao, mchanga unaimeza na yeye anakanyaga mara tatu huku wageni wakicheka. Avae viatu vya kufunika, si kandambili.

Jikoni, mpishi atakwambia: "Chetu ni halali, hakuna shida." Shida ipo. Halali haitoshi kuwa kosheri, yaani chakula kinachofuata sheria za Kiyahudi. Kamba, kaa, pweza, ngisi, papa na taa vyote vinatoka, hata kama ndivyo fahari ya meza zetu. Nguru, changu na kolekole wanafaa, wenye mapezi na magamba. Wanunuliwe wakiwa na ngozi ili magamba yaonekane. Nyama ya bucha la kawaida iacheni, mpike samaki na mboga kwa sufuria mpya. Kosheri haichanganyi nyama na maziwa, lakini tui la nazi si maziwa, hivyo wali wa nazi haugombani na chochote. Kisamvu na mchicha vichambuliwe jani kwa jani, kwani mdudu mmoja anaharibu chungu kizima.

Divai ya kosheri iagizwe mapema, msitegemee maduka ya hapa. Juisi ya zabibu yenye alama ya kosheri inakubalika kwa baraka, na inapunguza maneno kwenye meza za wageni Waislamu.