Kupima goti lililoumia kabla ya kufikiria picha ya MRI: uzoefu wangu

Hapa Busia magoti ninayopima kliniki hutoka zaidi uwanja wa mpira na kwenye bodaboda. Swali langu la kwanza ni mtu aliumiaje, la pili ni goti lilivimba baada ya muda gani. Aliyegeuka ghafla mguu ukiwa umekita chini, akasikia "pa!" na goti likajaa ndani ya saa mbili, ana damu ndani ya goti, huyo nashuku ACL, ligamenti (kano inayofunga mifupa) ya ndani ya goti inayozuia muundi kuteleza mbele. Uvimbe ukija kesho yake, naelekea kwenye meniskasi, gegedu lililo kati ya mifupa ya goti.

Mguu usioumia hupimwa kwanza, kila mara, ili uwe wa kulinganisha. Wengine magoti yao ni malegevu kwa asili.

Kisha mgonjwa alale chali, magoti yote mawili yakunjwe nyuzi 90, uyatazame kwa ubavuni. Muundi ukiwa umebonyea nyuma kuliko mwenzake, PCL, ligamenti inayozuia muundi kurudi nyuma, imekatika. Aliyeanguka na boda akapigiza muundi huwa hivyo. Ukiruka hatua hii utauvuta muundi, utarudi tu mahali pake, nawe utadhani ni ACL.

Sasa kipimo cha Lachman, cha ACL: goti nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja ushike paja, mwingine muundi, vuta mbele. Ligamenti nzima inagota. Iliyokatika huteleza bila kugota. Mgonjwa akikaza misuli ya nyuma ya paja kipimo kinadanganya, kwa hiyo weka taulo lililoviringishwa chini ya paja, usubiri alegee. Goti lililojaa mno nalipima upya baada ya siku 7 hadi 10.

Kupima ligamenti za pembeni, sukuma goti kwa upande likiwa limenyooka, halafu likiwa limekunjwa nyuzi 30. Likifunguka hata limenyooka, huenda ligamenti zaidi ya moja zimekatika: tafuta mapigo ya damu upande wa juu wa unyayo papo hapo.

Kwa meniskasi naamini kidole kinachofuata mstari wa kiungo kuliko McMurray, kipimo cha kukunja na kuzungusha goti, ambacho mara nyingi hukosa mchaniko. Goti lisilonyooka, mlaze kifudifudi miguu ikining'inia kitandani. Kisigino kimoja kikibaki juu, kipande cha meniskasi huenda kimekwama. Daktari wa mifupa amwone haraka.

Eksirei naagiza kwa asiyeweza kutembea hatua 4 au kukunja nyuzi 90, mwenye maumivu kwenye pia ya goti au kichwa cha fibula (mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu), na mwenye miaka 55 kwenda juu. Ikitoka safi, meniskasi bado inaweza kuwa imechanika. Safari ya Kampala kupiga MRI naishauri pale tu jibu litakapoamua kama atapasuliwa.