Oveni inaunguza huku inasoma baridi

Jamani hii oveni ya maabara ilinitoa jasho siku mbili nzima. Nipo kwenye maabara ya udongo hapa Arusha, oveni yetu kazi yake ni kukausha sampuli kwa nyuzi 105 masaa 24 ndo tupime unyevu. Sensa ya zamani ilikufa, nikanunua themokapo mpya ya aina ya K (sensa ya joto ya waya mbili, ncha ikipata moto inatoa umeme kidogo) nikaifunga mwenyewe, maana ukisema usubiri fundi ni wiki hiyo.

Nikawasha. Kontrola, kile kifaa kinachosoma sensa na kuendesha hita, ikasoma 20, sawa, baridi ya Julai huku si mnaijua. Mara 14. Mara 6. Mara ikaingia hasi, nimeganda pale najiuliza imegeuka friji au, ila nikisogeza mkono mlangoni joto linanipiga na taa ya hita inawaka tu haizimi. Mzee mmoja tunafanya naye kazi akapita, akanusa, "we kijana, humo si kuna kitu kinaungua?" Nikachomoa plagi mbio. Mifuko ya kaki ya sampuli ilishakuwa myeusi pembeni kama chapati iliyosahauliwa jikoni.

Nikailaumu kontrola, nikataka kuagiza nyingine. Mzee akasema pima kwanza, hela huokoti. Basi nikatoa waya za sensa, pale zinapoingia nikaunganisha na kipande cha waya, kontrola ikasoma joto la chumba, kumbe nzima. Nikaenda kwenye sensa, multimita kwenye milivolti, probu nyekundu kwenye waya nyekundu, ncha nikaipasha na kiberiti cha gesi. Namba ikapanda vizuri tu, ila ina alama ya kutoa mbele!

Hapo ndo nikashtuka. Kwenye rangi za Kimarekani themokapo ya K nyekundu ndo hasi, njano ndo chanya, na mimi kwa mazoea ya betri nyekundu nilishaipeleka kwenye chanya. Sasa oveni ikipata moto kontrola inaona baridi inazidi, inaongeza moto, inaona baridi zaidi, haiishi. (Za Ulaya ni kijani chanya nyeupe hasi, hizo angalau hazikutegi.)

Nikageuza waya, ikaanza kupanda kama watu. Nikaipima kwenye barafu iliyosagwa na maji, 0 safi. Kwenye maji yanayochemka, 95. Nikashika vitufe niongeze 5 kwenye marekebisho, mzee akanipiga kibega, "hapa si Dar, tupo mita kama 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka hapohapo kwenye 95." Ningeongeza, oveni ingeandika 105 kumbe ndani 100 na vipimo vyote vingekuwa vya uongo na nisingejua kabisa.

Mteja wa zile sampuli alitoka Tengeru, nikamwambia ukweli kwamba nimeziunguza, nahitaji udongo mwingine. Akaniangalia, akauliza tu, "nilete lini?"