Marinda matatu

Nimeukuta ukurasa huu kwenye daftari langu la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya wateja. Ni siku moja ya Ramadhani, mwaka 2020.

Saa kumi usiku. Daku ni chai na viazi vya jana. Majengo kimya. Hakuna vijana wa kupita wakigonga milango kuamsha watu, kafyu haiishi hadi saa kumi na moja. Baba watoto amekwama Mombasa tangu Nairobi ifungwe tarehe 6 Aprili.

Saa mbili asubuhi nimefika kibandani, Kariokor. Matatu ya viti 14 inapita na watu wanane, makanga hata haiti abiria. Ramadhani nyingine ningekuwa nazama kwenye magauni ya Idi. Mwaka huu ni barakoa tu, na lastiki imeadimika, nakata vitambaa vya fulana kuukuu.

Saa tisa na nusu redio inatangaza wagonjwa wapya wa korona. Cherehani zote za safu yetu zinasimama. Nimejidunga sindano kidoleni, damu ikadondokea kitenge cha mtu.

"Fundi, leo ni wangapi?" mama mboga ananiuliza. Yeye ni Mkorino, Mkristo wa kanisa la Akorino, kilemba cheupe hakimtoki.

Nikamtajia. Akanyamaza, kisha akaendelea kukata sukuma huku akiimba. "Kanisa limefungwa, mama, basi naiimbia hii sukuma."

Nikazima redio. Barakoa ina marinda matatu, basi rinda la kwanza subhanallah, la pili alhamdulillah, la tatu allahu akbar. Barakoa kumi na moja ni marinda 33, lakini kila tamko ni mara 11 tu; tasbihi kamili ni kila tamko mara 33, basi lazima nishone barakoa 33. Nilishona 33. (Sheikh asiniulize kama inajuzu.) Mikono iliacha kutetemeka mahali fulani baada ya ya ishirini.

Magharibi inaadhiniwa kama saa kumi na mbili na nusu, kafyu ni saa moja. Nilifungua kwa tende njiani, nikitembea haraka.

Usiku, msikiti umefungwa, tarawehe tunasalia sebuleni. Kijana wangu wa miaka kumi na minne ndiye imamu. Sura anazozijua ni fupi, akafika katikati akasahau, akarudi mwanzo. Mimi nyuma yake natazama kanzu niliyomshonea Idi iliyopita. Imempanda juu ya vifundo. Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu pindo: inchi mbili zimebaki za kushusha.