Siku moja na tiara, mwalo wa Kibirizi, Kigoma, Ziwa Tanganyika

Saa 10 na nusu alfajiri natoka nje, nalowesha kidole, nakiinua. Upepo unashuka milimani kuelekea ziwani. Safi. Huo ndio unaobeba juu ya maji tiara yenye kamera, ninayopigia picha za ufukwe kuona ziwa linavyoula. Jua likichoma unageuka, na tiara inakimbilia mapaa ya watu.

Saa 12 niko Kibirizi. Mitumbwi ya dagaa inarudi. Natandaza magunia sita yaliyopakwa chokaa, yawe alama za kuonekana kwenye picha, na kupima kwa futi kamba umbali wake kutoka msingi wa zege wa kibanda kilichobomoka. Msingi huo hauhami, ndiyo maana naupenda kuliko kamera.

Saa 1 tiara iko juu. Kamera ni ile ndogo ya mfukoni, inajipiga kila sekunde tano. Imening'inizwa kwenye kijisalaba cha mbao chenye kamba, mtindo alioubuni Mfaransa Pierre Picavet mwaka 1912, ili iendelee kutazama chini hata tiara ikiyumba. Mara upepo ukakata. Kamera ikatua juu ya kichanja cha dagaa.

"Mwanangu, hicho kidude nacho kinakula dagaa?"

"Shikamoo mama, nisamehe." Nikanunua mafungu mawili.

Saa 3, mzee mmoja ambaye maji ya 2021 yalimhamisha akaniuliza swali lake la kila siku: ziwa limekula kiasi gani? Nikachora mchangani. Tanganyika hujaa kila mwaka hadi Aprili au Mei, kisha hupungua mpaka Oktoba, Novemba. Ufukwe ukiwa na mteremko wa moja kwa kumi, maji yakipanda sentimita 50 yanasogea mita 5 bila hata chembe ya mchanga kuondoka. Ukilinganisha picha ya Mei na ya Oktoba bila kujua kina cha maji siku hizo, unajidanganya kwa picha nzuri.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Mpaka nisome kipimo, mzee."

Mchana ni kompyuta tu. Picha nyingi ni za anga na vidole vyangu. Zinazofaa lazima zipandane zaidi ya nusu ndipo programu izishone kuwa picha moja. Umeme ukakatika zikiwa katikati ya kushonwa.

Saa 11 jioni nikarudi kwenye nguzo niliyoichora alama kwa rangi, nikasoma kina cha maji. Sentimita 94. Nikaandika daftarini, pembeni ya tarehe. Kamera bado inanuka dagaa.