Kambi ya zamani Nachingwea: kabla ya mkutano wa kijiji
FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walikuwa na kambi kubwa ya mafunzo Nachingwea, kusini mwa Tanzania, wakati wa vita vya uhuru wa Msumbiji. Eneo la namna hii likitafutiwa matumizi mapya, ulizeni kwanza: ni ardhi ya kijiji, ya jumla (ya umma isiyo ya kijiji wala ya hifadhi) au ya hifadhi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka ardhi ya kijiji iliyo chini ya hekta 250 isihamishwe kuwa ya jumla au ya hifadhi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Saini za halmashauri ya kijiji pekee hazitoshi, na hapo ndipo wananchi hupunjwa. Mkutano huo msiuitishe Oktoba wala Novemba, watu wako kwenye mikorosho. Wazee wasitembezwe kuonyesha mipaka ya eneo kabla wanajeshi hawajakagua mabaki ya risasi na mabomu. Makaburi yachorwe kwenye ramani kabla ya viwanja.