Hizo nondo za juu zinasubiri nini?

Ukisimama Mwanga hapa Kigoma ukaangalia juu, ghorofa nyingi utaona nondo zimeachwa zimechomoza kwenye slabu ya mwisho, zimeshapiga kutu, na chini yake watu wanaishi, wanapika, watoto wanakimbizana kwenye ngazi. Ukimuuliza mwenye nyumba anakwambia hizo ni za kupandisha Mungu akijalia. Sawa, siku Mungu akijalia, nani anakuja kuangalia kama nguzo za chini zitaubeba huo mzigo mpya?

Nimekuwa nikisoma walichofanya Uingereza baada ya Grenfell Tower kuungua kule London, Juni 14, 2017. Ghorofa 24, watu 72 wakafa, moto umeanzia kwenye friji ghorofa ya 4 ukapanda nje kwa nje kwa sababu ukuta ulivalishwa mapambo yenye plastiki ndani. Mwaka 2022 wakatunga sheria, jengo la makazi la kuanzia mita 18 au ghorofa 7 linahesabika la hatari kubwa, huanzi kujenga mpaka michoro ipitishwe, na ukimaliza huingizi mtu bila cheti. Ila kilichonishika mimi ni kinachofuata watu wakishahamia: lazima awepo mtu au kampuni inayojulikana ya kubeba jukumu, jengo linasajiliwa, anaandika ripoti kueleza amejipangaje na moto na jengo kuanguka, na akishapewa cheti cha tathmini anakibandika wapangaji wakione. Kuweka watu kwenye jengo la aina hiyo halijasajiliwa ni kosa la jinai kabisa.

Sisi sheria tunazo, tusidanganyane. Kibali unaomba halmashauri, mkandarasi awe amesajiliwa CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, zimamoto nao wana ukaguzi wao. Shida naona nguvu zetu nyingi zinaishia kwenye kujenga, wapangaji wakishaingia mi sijaona anayerudi kwenye nguzo. Na tumeshazika watu jamani, Machi 29, 2013 Dar ghorofa lililokuwa linajengwa lilianguka wakafa 36, alafu Kariakoo tena Novemba 16, 2024, jengo lina watu wanafanya biashara zao.

Ila hiyo mita 18 tukiileta Kigoma kama ilivyo tutakagua majengo machache mno, sisi hatari yetu iko kwenye ghorofa 3 za mafundi wa mtaani. Kuna fundi namjua, zege likiwa zito anaongeza maji limwagike kirahisi, kijana wa karai anapumua, wakitoa mbao nguzo ina mashimo unaingiza kidole, wanapaka saruji juu, yameisha, kesho wanapanga tofali. Na tupo bonde la ufa, ziwa hilihili Tanganyika lilitoa tetemeko la 6.8 Desemba 5, 2005, sijui kwanini tunajisahau.

Kwa hiyo mi ningesema tuache kuhesabu mita. Kila ghorofa linaloongezwa juu ya watu wanaoishi lihesabiwe jengo jipya, injinia apime nguzo upya, na jina la anayewajibika libandikwe pale mlangoni kwenye mita za luku. Kwa sasa ukienda kuangalia chumba ghorofani omba tu kuona michoro yenye muhuri, uhesabu kama ghorofa zilizochorwa zinalingana na zilizojengwa. Mi niliomba juzi, dalali akacheka akaniuliza kwani nanunua au napanga.